Jibu lilikuwa 10.45, yeye alipata 17.20

Alikuja ofisini wiki ya tisa ya muhula wa mwisho, akaweka kompyuta mezani ikiwa imewashwa, wala hakuketi. "Mwalimu, nimerudia mara milioni moja." Nilidhani anatia chumvi. Kumbe ni kweli: programu yake ilikuwa imechora njia milioni moja za bei ya hisa, ikapiga wastani, na chini ya ukurasa likatoka jibu lile lile lililomkosesha usingizi siku nne, 17.20. Kanuni ya Black na Scholes, ile maarufu ya kukokotoa bei ya mikataba ya hisa iitwayo opsheni, kwa namba hizo hizo, ilimpa 10.45.

Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu nimekutana nacho zaidi ya mara moja, kila mara kikiwa kimevaa nguo nyingine. Na kila mara mwanafunzi mwenyewe huwa si mzembe. Huyu alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya hisabati na fedha, ana 81 kwenye uwezekano na 76 kwenye fedha za makampuni. Angekuwa na alama mbovu upande mmoja, kazi yangu ingekuwa nyepesi: ningemwambia akasome upya. Yeye alikuwa amesoma.

Mradi wake wa mwisho ulikuwa wa kawaida kabisa. Chukua opsheni, yaani mkataba unaokupa haki, bila kukulazimisha, ya kununua hisa kwa bei iliyokwisha kupangwa siku fulani ikifika. Hisa leo ni 100. Bei iliyopangwa ni 100. Siku yenyewe ni mwaka mmoja kutoka leo. Riba ya fedha isiyo na hatari ni 5%. Bei ya hisa huyumba kwa 20% kwa mwaka. Mkataba huo una thamani gani leo? Kanuni hujibu kwa mstari mmoja. Yeye alitakiwa kupata jibu hilo kwa njia ya pili, kwa kuigiza: tengeneza mabadiliko ya bei kwa namba za nasibu, angalia kila njia imeishia wapi, hesabu malipo, piga wastani, rudisha kwenye thamani ya leo. Njia mbili zikutane. Hazikukutana.

Kabla ya kugusa kosa lenyewe, neno moja kuhusu ile milioni. Alianza na majaribio elfu kumi, akaona jibu baya, akaenda laki moja, kisha milioni. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya karibu kila mtu, na haisaidii kitu. Kelele za nasibu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio: ukitaka kosa la sampuli lipungue kwa nusu, ongeza majaribio mara nne. Kwa laki moja kosa hilo kwenye kazi kama hii ni kama 0.05, kwa milioni ni chini ya 0.03. Tofauti yake ilikuwa 6.75. Kelele haziwezi kuzaa tofauti ya namna hiyo. Alichokifanya kwa zile njia milioni ni kulipima kosa lake kwa usahihi mkubwa zaidi.

Nilimwomba asahau opsheni kwa dakika tano, apige wastani wa bei ya hisa peke yake mwisho wa mwaka. Alikuwa ameweka hisa ikue kwa 12% kwa mwaka, namba aliyoipata mwenyewe kutoka kwenye bei za nyuma. Kwa ukuaji wa mfululizo wastani ulipaswa kuwa 112.75. Skrini ikaonyesha 115.03.

"Hisa yako inakua kuliko ulivyoiamuru," nikamwambia.

Alitazama mstari mmoja wa programu kwa muda, kisha akashika kichwa. Kwenye kipeo aliandika 0.12 pale palipotakiwa 0.12 kutoa nusu ya mraba wa 0.20, yaani 0.12 kutoa 0.02. Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa vidole: hisa ya 100 ikipanda 20% inakuwa 120, kisha ikishuka 20% inakuwa 96. Wastani wa mabadiliko ni sifuri, lakini wewe umepoteza 4 kwa hatua mbili, yaani karibu 2 kwa kila hatua. Kuyumba kunakula ukuaji, na kiasi kinacholiwa ni ile 0.02. Kwa hiyo anayetaka wastani wa bei ukue kwa 12% lazima aandike 10% ndani ya kipeo. Cha kuchekesha, na alicheka mwenyewe, ni kwamba hiyo ndiyo kanuni ya Itô, ya kukokotoa mabadiliko ya vitu vinavyoyumba kwa nasibu, aliyoithibitisha kwenye mtihani miezi mitatu nyuma akapewa alama zote za swali. Aliithibitisha kwa herufi za Kigiriki. Hakuitambua ilipomjia imevaa namba.

Akarekebisha, akaiendesha tena. 15.53.

Hapo ndipo kisa kinapoanza hasa, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa kosa la mkono tu. Alinyamaza, kisha akajitetea, na utetezi wake ulikuwa mzuri. Alisema: nimerudisha malipo kwenye thamani ya leo kwa 5%, ambayo ni riba ya kitu kisicho na hatari. Opsheni ina hatari. Mhadhiri wetu wa fedha ametufundisha kwamba mapato yenye hatari hupunguzwa kwa kiwango kinacholingana na hatari yake. Basi nitumie 12%, kama hisa yenyewe. Akabadilisha. 14.48.

Sasa alikuwa ametumia somo la uwezekano jinsi lilivyofundishwa (thamani tarajiwa ni malipo mara uwezekano wake, jumlisha) na somo la fedha jinsi lilivyofundishwa (punguza kwa kiwango cha hatari), na hakuna mhadhiri hata mmoja kati ya wale wawili ambaye angemwekea alama ya kosa. Jibu bado lilikuwa limezidi kwa 4.

Niliifunga kompyuta, tukachukua karatasi. Hisa ni 100. Mwakani itakuwa 120 au 90, hakuna la tatu. Riba tuiweke sifuri ili tusichanganyikiwe. Mkataba unakupa haki ya kununua kwa 100, kwa hiyo hulipa 20 hisa ikipanda na sifuri ikishuka. Uwezekano wa kupanda ni 70%. Bei ya mkataba?

"Kumi na nne," akasema bila kusita. Asilimia sabini ya 20.

"Sawa. Nunua kwangu mitatu kwa bei hiyo."

Akanipa 42 za kufikirika. Nikakopa 158, nikanunua hisa mbili kwa 200. Hisa zikipanda nina 240. Nakulipa wewe 60 kwa mikataba yako mitatu, narudisha mkopo wa 158, nabaki na 22. Zikishuka nina 180. Wewe sikulipi kitu, narudisha 158, nabaki na 22. Kalamu yake ilisimama kwenye ile 22 ya pili. Mimi sikuweka hata senti yangu, sikujali hisa imekwenda upande gani, na nimeondoka na 22.

"Sasa niambie bei ambayo ingeninyima hiyo 22."

Hesabu ni fupi: hisa mbili hugharimu 200, mkopo unaoweza kulipwa bila wasiwasi ni 180, pengo ni 20, mikataba ni mitatu. 6.67 kwa kila mmoja. Tazama ni kitu gani hakikutajwa mahali popote kwenye hesabu hiyo. Ile 70% haimo. Ingekuwa 50% au 95%, bei ingebaki 6.67.

Aliuliza swali ambalo kila mwanafunzi makini huuliza, na wasiouliza ndio wanaonitia hofu: hiyo 70% imekwenda wapi? Haikwenda mbali. Imo ndani ya 100. Bei ya hisa ya leo ndipo walipokwisha kukutana wenye matumaini na wenye woga, kila mmoja na makisio yake na ujasiri wake. Mkataba unaweza kutengenezwa upya kwa hisa na mkopo, kwa hiyo bei yake ni gharama ya kuutengeneza, na gharama hiyo huanzia kwenye 100. Kuiingiza 70% tena ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili.

Ukitaka bado kuiandika kama wastani, unaweza. Tafuta uwezekano unaoifanya hisa yenyewe iwe na wastani wa 100: theluthi moja kupanda, theluthi mbili kushuka, kwa kuwa theluthi ya 120 ni 40 na theluthi mbili za 90 ni 60. Tumia hizo kwa mkataba: theluthi ya 20 ni 6.67. Ni uwezekano wa bandia. Hausemi lolote kuhusu kitakachotokea mwakani. Ni lugha ya wastani iliyokopwa ili kufanya hesabu ya gharama, na ndiyo maana katika uigizaji wake hisa ilipaswa kukua kwa riba ya 5% hata kama dunia nzima inaamini itakua kwa 12%.

Nilidhani tumemaliza. Hakukubali. "Mwalimu, huo ni mfano wa kuchezea. Hisa ya kweli haina bei mbili tu."

Namheshimu kwa hilo. Nilimwambia basi tusitumie mfano wowote, tutumie programu yake mwenyewe. Arudi kwenye ile ya 15.53, na kwa njia zile zile apige pia bei ya mkataba wa haki ya kuuza kwa 100. Ikatoka 3.40. Sasa atafute mtu anayeziamini bei hizo, amuuzie haki ya kununua, apokee 15.53, anunue kwake haki ya kuuza kwa 3.40, kisha anunue hisa moja kwa 100. Ametoa 87.87. Mwisho wa mwaka hisa ikiwa juu ya 100, mwenye haki ya kununua atamchukulia hisa na kumpa 100. Ikiwa chini, yeye ndiye atakayeiuza kwa 100. Kwa vyovyote ana 100 mkononi. Zile 87.87, angezikopa kwa 5%, zingemdai 92.38. Faida ya bure ni 7.62 kwa kila kapu la namna hiyo, bila kujua lolote kuhusu jinsi hisa inavyotembea. Soko halichezi hivyo kwa muda mrefu. Tofauti ya bei za mikataba hiyo miwili lazima iwe 100 kutoa thamani ya leo ya 100, ambayo ni 95.12, yaani 4.88. Programu yake ilikuwa inatoa 12.13.

Alibadilisha 0.12 ikawa 0.05, akaacha ile nusu ya mraba ilipo. Wastani wa hisa ukawa 105.13 kama ulivyotakiwa. Opsheni, 10.46. Hakusema kitu. Akavuta kiti, akaketi.

Nikampa jambo moja la kumfariji, na ni la kweli. Lile jibu la katikati, 14.48, si la kijinga. Kukuza hisa kwa mapato yake tarajiwa na kurudisha kwa kiwango hicho hicho ndicho alichokifanya James Boness mwaka 1964, katika kanuni ambayo kwa macho inafanana na ya Black na Scholes isipokuwa mahali pa riba pana mapato tarajiwa ya hisa. Paul Samuelson alilishughulikia tatizo hilo hilo mwaka 1965 naye akabaki na viwango tarajiwa ndani ya kanuni ambavyo hakuna aliyejua kuvipima. Watu hao hawakukosa hisabati. Kilichokosekana ni hoja moja ya kifedha: kwamba ukiushika mkataba pamoja na kiasi sahihi cha hisa na kukirekebisha kila wakati, hatari inafutika, na kitu kisicho na hatari hakiwezi kulipa zaidi ya riba. Black alikuwa na shahada ya uzamivu ya hisabati tumizi kutoka Harvard. Scholes alitoka kwenye fedha, Chicago. Hata hivyo majarida yaliikataa makala yao kabla ya kuchapishwa mwaka 1973, na ndani yake wanamshukuru Robert Merton kwa hoja ya kutengeneza kinga, yaani hiyo ya kufuta hatari. Tuzo ya Nobel ya uchumi ilipotolewa mwaka 1997 walipewa Merton na Scholes. Black alikuwa amefariki mwaka 1995. Mwanafunzi wangu alikuwa amekwama kwa siku nne pale fani nzima ilipokwama kwa miaka kadhaa.

Kuna upande mwingine wa ile 12% ambao haukuwa kwenye mradi wake lakini sikuweza kuupita. Aliipata kwa kupiga wastani wa mapato ya miaka minne, kama siku elfu moja za soko. Ukiwa na hisa inayoyumba kwa 20%, wastani wa miaka minne una kosa la 20% gawanya kwa kipeuo cha pili cha nne, yaani 10%. Kwa hiyo, ukiacha nafasi ya makosa mawili ya namna hiyo kila upande, namba yake ya kweli ilikuwa "mahali fulani kati ya hasara ya 8% na faida ya 32%". Na siku hazisaidii: upime kila siku au kila dakika, kinachoupa wastani uzito ni urefu wa miaka. Kuyumba ni kinyume. Ile 20% yake, kwa vipimo elfu moja, ilikuwa na kosa chini ya nusu ya asilimia moja, mradi tu kiwango hicho hakibadilikibadiliki. Maana yake, kanuni inahitaji namba unayoweza kuipima na inaitupa namba usiyoweza kuipima. Wanafunzi hufundishwa kanuni hii kama ushindi wa kalkulasi. Mimi naona bahati yake kubwa iko hapo.

Sasa lawama. Nimeambiwa mara nyingi kwamba wanaoingia shahada hii wanataka fedha na kukutana na hisabati, ndiyo maana wanaumia. Ni kweli mwaka wa kwanza huwashtua wengi: uchambuzi halisi, aljebra ya mistari, uthibitisho baada ya uthibitisho, na wiki nyingi bila neno "hisa" kusikika. Lakini huyu hakuumia hapo. Aliumia kwenye mshono. Idara ya hisabati ilimfundisha wastani tarajiwa na kudhani idara ya fedha itamweleza wastani huo huwa bei lini na lini hauwi. Idara ya fedha ilimfundisha kupunguza kwa kiwango cha hatari na kudhani hisabati itamwonyesha kwamba hatari ya opsheni si ya hisa, tena hubadilika kila bei inapogusa hatua mpya, hivyo hakuna kiwango kimoja cha kupunguzia kwa mwaka mzima. Kila upande ulimpa alama nzuri. Mtihani wa kila somo hukaa ndani ya somo lake, na mshono hauna mtihani.

Kosa langu pia limo. Mimi ndiye niliyempa mradi, na kwenye karatasi ya maelekezo niliandika "linganisha na kanuni" bila kumwambia ahakikishe kwanza wastani wa hisa, kisha tofauti ya mikataba miwili. Vipimo hivyo viwili havichukui hata dakika kumi, na havihitaji kujua jibu sahihi. Angekuwa navyo, angekuja kwangu siku ya kwanza, tena na swali lililonyooka.

Alitaka kufuta sura yote ya 17.20, 15.53 na 14.48, abaki na jedwali safi. Nilimkatalia. Sura hiyo aliiandika upya kwa mpangilio ule ule wa makosa, na siku ya utetezi ndiyo waliyomkalia. Mtahini wa nje alimuuliza: kesho kila mtu akiamini hisa itakua kwa 30%, opsheni itapanda bei? Akajibu kwamba itapanda kama hisa yenyewe itapanda leo. Hisa ikibaki 100, opsheni itabaki 10.45. Mtahini akaandika kitu, akaenda kwenye swali la pili.

Wiki mbili baadaye nilipata ujumbe wake. Alikuwa amechukua bei halisi za mikataba sita ya hisa moja, siku moja ya mwisho, ikitofautiana kwa bei iliyopangwa tu, akaigeuza kanuni ili iseme kila bei inadai kuyumba kwa kiasi gani. Wa bei ya 80 ulidai 0.27, wa 100 ulidai 0.21, wa 110 ulidai 0.19. Mteremko huo ulitia mizizi kwenye masoko ya hisa baada ya tarehe 19 Oktoba 1987, siku ambayo kipimo cha bei za hisa za Marekani cha Dow Jones kilianguka 22.6% na wauzaji wa kinga dhidi ya maporomoko wakaanza kudai bei nyingine. Lakini hilo nilikuwa sijamfundisha. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Mwalimu, hisa ni moja. Mbona 0.20 ziko sita?"

Nikamjibu aje Alhamisi, na safari hii aketi kwanza.